Barua ya wazi kwa Bunge na Wizara ya Katiba na Sheria: mnahukumu kwa jina letu, basi tuulizeni

Kwa Waheshimiwa Wabunge wote,
na kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Dodoma.

YAH: ADHABU YA KIFO YA LAZIMA, VIBOKO, NA HUO UMMA UNAOTAJWA KILA SIKU

Waheshimiwa, mlionizidi umri shikamooni, wengine poleni na majukumu.

Mimi ni mwananchi wa kawaida wa Songea mjini, nafundisha historia sekondari. Mwaka 2004 baba yangu mdogo alivamiwa usiku dukani kwake akauawa kwa panga, akaacha mjane na watoto wanne. Kesi ikaenda miaka saba. Mwaka 2011 mtu mmoja akatiwa hatiani, wazee wa baraza wakatoa maoni yao, halafu jaji akasema kwamba kwa kosa hili sheria haimpi adhabu nyingine yoyote ya kutoa, akasoma kwamba mshtakiwa atanyongwa mpaka kufa. Mle ndani kuna waliolia na kuna walioshangilia, na mimi nilikuwa kwenye kundi la walioshangilia, sifichi.

Toka siku ile mpaka leo hakuna mtu wa serikali aliyetuambia neno. Rufaa yake iliishia wapi, yuko gereza gani, kasamehewa, kafa kwa ugonjwa, hatujui. Nimeandika barua tatu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili nikaambiwa "suala lako linashughulikiwa", ya tatu niliipeleka kwa mkono wangu wakanigongea muhuri wa kupokelewa na ndo ikawa mwisho wa habari. Katika kuhangaika huko nikaanza kusoma hii adhabu imetoka wapi na inafanya kazi gani, na nilivyozidi kusoma nikaona shida yangu ni ndogo kuliko shida yenyewe. Ndo maana naandika hadharani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hii kamba ilikuja na nani

Sisi Songea kila tarehe 27 Februari tunaenda makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, Nduna Songea Mbano akiwa mmoja wao, makumi ya watu. Mji wetu umebeba jina la mtu aliyenyongwa. Nawapeleka wanafunzi pale kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto mmoja ananiuliza, mwalimu kwani waliwanyonga mbele za watu ili iweje?

Jibu ni kwamba kazi ya adhabu ile ilikuwa ujumbe. Aliyekuwa ananyongwa ni mmoja ila waliokuwa wanaambiwa ni wote waliosimama pembeni. Pangani walimnyonga Abushiri Desemba 1889. Kilwa wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya Novemba 1895, na mwembe wenyewe watu wakaubatiza Mwembe Kinyonga. Old Moshi wakamnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake tarehe 2 Machi 1900 na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, ukoo wake umekitafuta mpaka kizazi cha wajukuu. Hawa hawakuwa wahalifu, najua, walikuwa wanapigania nchi yao, lakini aliyewanyonga aliwaita wahalifu na akatumia utaratibu uleule wa mahakama, hukumu, kamba, na wananchi kukusanywa watazame.

Sasa naomba mpige hesabu ndogo na mimi. Makunganya alinyongwa 1895 ili watu wa Kilwa waogope. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Nandete walikong'oa pamba, yaani ni upande uleule wa Kilwa, miaka kumi tu baadae! Watoto walioletwa chini ya mwembe watishike ndo walikuwa watu wazima walioshika silaha. Kama kuna mahali duniani ambapo hoja ya "tunyonge mmoja wengine waogope" ilijaribiwa kwa nguvu zote za dola ikashindwa ni kusini mwa Tanzania, na sisi watu wa kusini ndo tunaishi juu ya ushahidi.

Akaja Mwingereza. Kwao London walikuwa wananyonga hadharani mpaka mwaka 1868, umati unajaa kama sokoni, watu wanakunywa, wezi wanachomoa pochi za watu huku mwizi mwenzao anayumba kwenye kamba, mpaka wakubwa wenyewe wakaona haya wakaingiza mambo yote ndani ya kuta za gereza. Kwa hiyo wakati wanatuletea sheria, kunyonga kulikuwa kumeshageuzwa kuwa kitu cha kufichwa. Kanuni ya Adhabu tunayoitumia, Sura ya 16, ilianza kutumika Septemba 1945, uhuru bado miaka 16, hakuna Mtanganyika wa kawaida aliyeulizwa. Miaka mitatu baadae, 1948, Waingereza wakafuta adhabu ya viboko mahakamani kwao. Mwaka 1965 wakasimamisha kunyonga kwa kosa la mauaji na 1969 wakathibitisha moja kwa moja. Vya kwao wamefuta, vya kwetu wametuachia, na sisi tumevishika mpaka leo tunavitetea kana kwamba tulivikuta kwa mababu.

2. Jaji amefungwa mikono

Kifungu cha 197 cha Kanuni hiyo ya Adhabu kinasema ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, hukumu ni kifo. Anayenusurika ni mama mjamzito, huyo anafungwa maisha, na aliyetenda kosa akiwa hajafika miaka 18. Wengine wote ni kamba. Aliyepanga mauaji mwezi mzima kwa ajili ya hela, na mke aliyepigwa miaka kumi siku moja akamuua mume, na kijana aliyeshikishwa tochi tu na wakubwa zake, wote wakishatiwa hatiani kwa kosa hilo wanasomewa sentensi ileile. Jaji kasoma miaka mingapi, kasikiliza mashahidi wangapi, halafu mwisho wa siku anageuzwa kipaza sauti.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapohapo Arusha kwenye ardhi yetu, iliamua kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania ikasema adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, ikasema na kunyonga kwenyewe kunadhalilisha utu, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka ukapita, ikapita na mingine. Tulichofanya haraka ni kingine kabisa, mwezi huohuo wa Novemba 2019, siku chache kabla hata ya hukumu hiyo kusomwa, serikali ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuondoa tamko linaloruhusu mwananchi mmoja mmoja kwenda kwenye mahakama ile. Waheshimiwa, hilo liliniuma. Ukiambiwa umekosea unarekebisha, huendi kumfungia mlango anayekwambia.

Na majirani wametangulia, asiseme mtu kwamba hili ni jambo la wazungu. Malawi walifuta ulazima huo mwaka 2007. Uganda, kesi ya Susan Kigula, 2009. Kenya, kesi ya Muruatetu, Desemba 2017. Hawa wote walirithi sheria kutoka mkono uleule. Rwanda ndo ifikirieni zaidi, maana nchi ile mwaka 1998 iliwapiga risasi watu 22 hadharani kwa siku moja kwa makosa ya mauaji ya kimbari, watu wakiangalia, na kama kuna taifa lilikuwa na sababu ya kuendelea ni lile, lakini mwaka 2007 wakafuta adhabu ya kifo yote. Burundi 2009. Mimi leo siombi hata kiasi hicho, naomba jaji aachiwe apime.

3. "Maslahi ya umma"

Hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo kiini cha barua.

Mwaka 1994 kule Dodoma, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Mbushuu alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Lakini ukisoma hukumu ile ya rufani hawakusema kunyonga ni kuzuri. Walikubali kabisa kwamba ni adhabu ya kikatili na inadhalilisha. Wakasema hata hivyo inaruhusiwa kwa sababu Katiba, ibara ya 30, inaruhusu sheria zilizowekwa kwa maslahi ya umma, na kuamua kama adhabu hii inahitajika ni juu ya jamii yenyewe.

Juu ya jamii. Toka 1995 mpaka leo, mliuliza lini? Mimi ndo jamii, mama mdogo wangu ndo jamii, majirani waliotuzikia ndo jamii, na hatujawahi kuitwa kwenye kikao chochote wala kuletewa muswada tuujadili. Umma unatajwa kwenye hukumu kama mdhamini ambaye hajui kama kamdhamini mtu. Zamani mkoloni alau aliulazimisha umma uje uone anachokifanya kwa jina lake, saa hizi hatuoni na hatuambiwi na bado sababu inayoandikwa ni sisi.

4. Hatunyongi, lakini hatufuti

Mara ya mwisho kunyonga mtu nchini ilikuwa 1994. Marais wamepita, hakuna aliyetaka kusaini. Hayati Magufuli Septemba 2017, siku ya kumwapisha Jaji Mkuu, alisema wazi kwamba asipelekewe majina asaini maana anajua ugumu wake, na tarehe 9 Disemba mwaka huohuo akatoa msamaha kwa watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Nashukuru, ila jiulizeni huu ni mfumo gani. Mahakama inatamka kitu ambacho kila mtu mle ndani anajua hakitafanyika, anayetamkiwa anakaa miaka kumi, ishirini, kila akisikia funguo usiku anadhani ni zamu yake, na kutoka kwake kunategemea rais gani yuko madarakani na sikukuu gani imefika.

Na sisi familia ya marehemu je? Tuliambiwa haki itatendeka kwa namna fulani na haikutendeka kwa namna hiyo wala nyingine. Tumedanganywa pande zote mbili, wao kwamba watakufa na sisi kwamba wamekufa.

5. Viboko

Hii fupi. Mjerumani alituchapa mpaka hesabu yake ikawa jina, "hamsa ishirini", ishirini na tano kwa mkupuo kwa kiboko cha ngozi, na amri yao ya 1896 iliwaachia Wahindi na Waarabu, Mwafrika ndo akabaki. Sisi wenyewe mwaka 1963 tukatunga sheria ya adhabu za chini kabisa, viboko 24, kumi na mbili siku ya kuingia gerezani na kumi na mbili siku ya kutoka, wazee mpaka leo wanasimulia kwamba vile vya kutokea ni akamwoneshe mkewe. Lengo lilikuwa kukomesha wizi wa mali ya umma na rushwa. Mwaka 1972 viboko vikaondolewa, mwaka 1989 vikarudishwa. Kama vingefanya kazi visingehitaji kurudishwa, na baada ya kurudishwa hakuna asiyejua kama rushwa iliisha. Kenya walifuta 2003.

6. Adhabu isiyomjua aliyekosewa

Baba mdogo alikuwa ndo anasomesha. Alipokufa duka likafungwa ndani ya miezi mitatu, binti yake wa kwanza akaacha shule akiwa form two. Serikali iliyotumia miaka saba kuhakikisha mtu anahukumiwa kufa haikutumia hata siku moja kuuliza hawa watoto wanakula nini. Fidia ipo kwenye sheria, mahakama inaweza kuamuru, lakini mtu aliyehukumiwa kufa utamdai nini, na hakuna mfuko wowote wa kuwashika mkono waliofiwa.

Wenzetu wa pwani wana neno dia, fidia ya damu, na jamii zetu nyingi za bara zilikuwa na ng'ombe au mbuzi wa kulipa damu, wazee wanakaa, pande mbili zinakutana. Sisemi turudi huko, kulikuwa na dhuluma zake, mwenye nguvu alilipa akatembea. Nasema tu kwamba zile adhabu zilimjua aliyefiwa kwa jina. Hii ya kwetu ya sasa inamjua kama shahidi namba tatu, akishamaliza kutoa ushahidi aende nyumbani.

Najua mtakachonijibu.

Mtasema wananchi wenyewe wanaitaka, na mtatoa mfano wa watu wanavyochoma vibaka. Ni kweli wanachoma, nimeshaona kwa macho yangu na sikulala wiki nzima. Lakini wanachoma na kifungu cha 197 kipo. Wanachoma kwa sababu hawaamini kwamba akipelekwa polisi kesi itaisha. Kesi ya kwetu ilitajwa na kuahirishwa kila baada ya siku 14, upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, mpaka sentensi hiyo mdogo wangu akawa anaiigiza nyumbani. Adhabu inayokuja baada ya miaka saba haimtishi mtu hata ikiwa kali vipi, na Cesare Beccaria, Mtaliano, alishayaandika hayo toka 1764, kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa na haraka ya hukumu kuliko ukali wake.

Mtasema dini inaruhusu. Sawa, tusome dini yote basi. Suratul Baqara aya ya 178 inapotaja kisasi inataja hapohapo msamaha wa ndugu wa aliyeuawa na malipo ya wema, maana yake familia inapewa kauli. Kifungu cha 197 hakimpi ndugu kauli, hata angetaka kusamehe hana pa kusimama. Na kwetu Songea wengi ni Wakatoliki, Papa Francis mwaka 2018 alibadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, ikasema adhabu ya kifo haikubaliki. Kwa hiyo dini haiwezi kuwa kichaka.

Mtasema natetea wauaji. Waheshimiwa, mimi nimeosha maiti ya baba yangu mdogo. Sitaki aliyemuua atembee mtaani kesho. Akikaa ndani maisha yake yote sitalia. Nachotaka ni hukumu ambayo jaji ameipima, inayotekelezwa kama ilivyosomwa, na ambayo mtu anaweza kuja kunieleza imefikia wapi.

Na mtasema suala liko kwenye mchakato. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti kwa Rais Julai 2023, na kabla yake Tume ya Nyalali, ile ya mfumo wa vyama vya siasa, mwaka 1991 ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, nyingine zikazeeka kwenye makabati. Kwa hiyo mkiniambia mchakato naomba mniambie na tarehe.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kifungu cha 197 kirekebishwe neno moja tu, pale panaposema lazima pasomeke "anaweza", jaji apewe uwanja wa kupima kuanzia miaka mpaka kifungo cha maisha. Muswada wa ukurasa mmoja unatosha.

Pili, wote waliohukumiwa chini ya ulazima huo warudishwe mahakamani wasikilizwe upya kuhusu adhabu, kama Malawi na Kenya walivyofanya. Na ndugu wa marehemu tuitwe siku hiyo, na sisi tuna ya kusema.

Tatu, viboko vya mahakama vitoke kwenye sheria zote.

Nne, kila mwaka Bunge litangaziwe idadi ya waliohukumiwa kifo, waliokata rufaa, waliosamehewa na waliofia ndani. Hayo mambo yanafanyika kwa jina letu, hesabu yake siyo siri ya jeshi.

Tano, iwe sheria kwamba familia ya aliyeuawa inaandikiwa barua kila hatua, hukumu, rufaa, msamaha, kifo. Hata mesej ya simu inatosha. Na uanzishwe mfuko, mdogo tu, wa ada za watoto wa marehemu.

Na kabla hamjaamua lolote kati ya hayo fanyeni kile ambacho Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1995 ni kazi ya jamii, njooni mtuulize. Hapa Songea ukumbi upo, hata uwanjani pale makumbusho watu watakuja, mje na muswada wa Kiswahili tuusome wote.

Barua yangu ya tatu ina muhuri na namba ya kupokelewa, nakala ninayo, yeyote kati yenu atakayeihitaji nitamletea. Mama mdogo wangu sasa hivi ana miaka 67. Kila nikienda kumsalimia ananiuliza wamejibu? Ningependa safari ijayo niwe na karatasi ya kumsomea.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa historia,
Songea, Ruvuma.